Neno Moja katika Kifungu cha Nne

Mimi ndiye niliyeuchapa muswada ule,
kurasa kumi na moja,
katika chumba cha kamati, Helena, mwezi wa pili,
mabomba ya joto yakikohoa ukutani,
theluji imeziba nusu ya dirisha.
Karani hana kura. Karani ana vidole.

Kifungu cha nne kilisema:
mwenye ardhi iliyo katika njia ya wanyama
sharti ainue waya wa chini wa ua wake
sentimita arobaini na tano kutoka ardhini,
na waya huo usiwe na miiba.

Kwa sababu paa wa nyika zetu, yule wa pembe panda,
ashindaye farasi kwa mbio,
kuruka hakumo katika miguu yake.
Amekuwapo kabla ya ua wowote,
hakufunzwa habari ya kitu
kinachosimama njiani na hakimfukuzi mtu.
Akifika kwenye waya hupiga magoti,
hupenyeza kichwa, kisha tumbo,
na miiba humwandikia mgongoni
mambo tuliyokuwa tukiyajadili kwa chai.

Delphine Azure alileta ramani.
Nukta nyekundu, paa jike mmoja, kola namba ishirini na saba:
siku kumi na tisa kando ya ua mmoja,
kwenda, kurudi, kwenda,
kama mtu anayepapasa ukuta
gizani akitafuta swichi.
Nukta ya mwisho haikuwa na ya kuifuata.
Hakuisemea. Aliikunja ramani, akaketi.

Ndipo Bwana Dockstader, wa ng'ombe elfu tatu,
alipovua miwani akaifuta taratibu:
"Sharti ni neno zito mno
kwa waya mwepesi hivi. Tuweke anaweza."
Tisa kwa nane.

Herufi sita zikatoka, saba zikaingia;
sheria ikarefuka, ikapungua.
Na ainue ikawa kuinua,
kama mtu aliyesimama akaambiwa aketi.
Sheria ni msumeno, husemwa, hukata mbele na nyuma.
Huu wetu tuliung'oa meno kwanza,
ndipo tukaupigia makofi.

Jumamosi niliendesha gari saa sita
hadi kwa baba, karibu na mpaka wa Kanada.
Ua ule ni kazi yake, Orval Tveit,
nyaya tano, ule wa chini unalala kwenye nyasi;
aliukaza mwaka niliozaliwa
na hajawahi kuomba radhi kwa lolote kati ya hayo mawili.
Nikamsomea kifungu. Masikio yake mabovu, nikarudia.
"Anaweza?"
"Anaweza."
"Nani?"
"Mwenye ardhi, baba."
Akamaliza supu. Akapangusa bakuli kwa mkate.
"Mwenye ardhi ni mimi. Ila mkono huu
umenikataa tangu Krismasi.
Anayeweza ni wewe. Koleo liko garini."

Kilomita mbili, siku nne za likizo.
Alikaa ndani ya gari, kioo kimeshushwa,
akinikosoa kila nguzo.
Kiganja changu bado kina kovu la herufi isiyosomeka.

Mwezi wa nne wakaja, thelathini na mmoja.
Walipiga magoti kwa mazoea,
wakasita, wakaona hakuna kinachowashika,
wakapita.
Baba hakusema kitu. Alizima redio.

Nusu saa baadaye walifika kwa Kessel,
jirani yetu, naye pia anaweza.
Wakasimama. Kisha yule wa mbele
akageuka mashariki, kichwa chini,
akaanza kutembea kando ya waya,
wengine nyuma yake.

Bunge letu hukutana mwaka mmoja, hulala mwaka wa pili.
Nakala ya kwanza ninayo ofisini,
mtoto wa meza wa chini, chini ya mihuri.
Herufi zile sita
sijazifuta.